Natafuta filamu niliyoitazama nyuma ya shuka, Korogwe, 1987 au 1988

Binti wa Bwaloni ameuliza:

Habari zenu wapenda filamu. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo, maana jina la filamu yenyewe silijui.

Mama yangu alikuwa mpishi kwenye chuo kimoja cha ualimu wilaya ya Korogwe. Tulikaa nyumba za watumishi, nyuma ya jiko. Mwaka 1987 au 1988 (nilikuwa darasa la pili na mdogo wangu alikuwa bado wa kubebwa) ililetwa projekta pale chuoni. Meza za bwalo zikasogezwa ukutani, shuka mbili nyeupe za bwenini zikashonwa pamoja na kutundikwa katikati ya bwalo. Walimu na wanachuo wakakaa mbele. Sisi watoto wa watumishi nafasi ikatukosa, mwalimu wa zamu akatuambia tuzunguke tukae upande wa pili, nyuma ya shuka. Kwa hiyo filamu yote niliitazama kinyume. Maandishi ya mwanzo yalipita yamegeuka, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nahangaika na yaliyonyooka. Ndiyo maana jina silijui.

Ninayokumbuka ni haya. Ilikuwa ya Kiswahili, ya watu wa kwetu, si ya Kihindi wala ya karate. Kuna mwanamke anaumwa. Amekwenda hospitali, hapati nafuu na ugonjwa haujulikani. Mume wake anataka waende kwa mganga, na yeye mwanamke waganga anawaogopa. Haikuwa ndefu, hata saa haikufika. Katikati mkanda ulikatika, taa zikawashwa, mwenye projekta akauunga kwa selotepu huku wanachuo wanapiga makofi ya kumharakisha. Alikuwa anaushika mkanda pembeni tu, kwa ncha za vidole, na nondo walikuwa wamejaa kwenye taa ya mashine yake. Baada ya hapo usingizi ukanichukua. Mwisho sikuuona.

Mama naye hakuuona. Ilibidi aondoke kabla haijaisha, akawashe moto wa chai ya wageni.

Sasa kwa nini naitafuta. Mwaka ule mama mwenyewe alikuwa anaumwa. Mikono ilimtetemeka mpaka upawa unamdondoka sufuriani. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Alikonda, na majirani walishaanza kusema kwamba huyu kachezewa. Baba alikuwa anamshikilia waende kwa mganga ng'ambo ya mto Pangani, mama anakataa na sababu hasemi, na nyumbani kukawa hakukaliki. Usiku ule wa sinema, tunarudi, mimi nimeshika pindo la kanga yake ili nisijikwae, nikamsikia anamwambia baba taratibu: "Na mimi naogopa kama yule."

Ndipo akamweleza kwamba mama yake mzazi alifia uani kwa mganga, yeye akiwa na miaka tisa, na ndiye aliyetumwa kwenda kuita watu. Baba alikuwa hajui. Walikuwa wameoana miaka kumi na mbili na alikuwa hajui! Tangu usiku ule hakuwahi tena kutaja habari ya mganga. Mwaka uliofuata alipatikana daktari aliyempapasa shingo, akasema hii ni tezi. Akapewa vidonge, baadaye akapasuliwa. Kovu analo mpaka leo, hulifunika kwa mtandio.

Mama sasa ana miaka 78, yuko Muheza. Mwezi uliopita nilikuwa namchambulia mchicha, akaniuliza ghafla: "Hivi yule mwenzangu wa kwenye sinema, mwisho wake alipona?"

Nimekosa la kumjibu. Kama kuna mtu anaijua filamu hii, tafadhali.

---

Kijana wa Sinza amejibu:

Dada pole na hongera kwa mama. Hiyo itakuwa *Maangamizi*. Ina mama mgonjwa yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, hajatamka neno miaka 20, na kuna daktari Mmarekani mweusi anakuja kumtibu. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Anayeigiza mgonjwa ni Amandina Lihamba, na anaigiza kwa macho tu, utalia. Itafute.

---

Opareta wa Tanga amejibu:

Kijana wangu, umekosea ila umekosea karibu. *Maangamizi* ni ya 2001. Huyu binti anazungumzia 1987. Halafu mgonjwa wa *Maangamizi* hana mume wa kumvuta kwa mganga.

Binti, filamu unayoitafuta ni *Arusi ya Mariamu*, ya 1985. Ina dakika 36. Waongozaji ni Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na mwaka huohuo ilipata tuzo kwenye FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso. Mwenzetu wa Sinza amechanganywa na sura: anayeigiza Mariamu ni huyohuyo Amandina Lihamba, yule profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mulvihill naye yumo kwenye zote mbili, hiyo ya 2001 akiwa na Martin Mhando. Kwa hiyo ukiziangalia zote mbili unamwona mama mmoja kwa umbali wa miaka kumi na sita, na mara zote mbili ni mgonjwa ambaye hospitali haijamwelewa. Mimi naziona ni ndugu.

Nikwambie kwa nini nina hakika. Nimefanya kazi ya uopareta Tanga tangu kijana, enzi ambazo mji ulikuwa na Majestic, Novelty na Regal, na Jumapili ya filamu ya Kihindi foleni inazunguka kona. Kule tulitumia mkanda mpana, wa milimita 35, mashine mbili zinapokezana. Jicho halitoki kwenye kona ya juu kulia ya pazia, maana ndipo kinapotokea kile kitone cha kukwambia washa mashine ya pili. Ukikikosa, watu mia tano wanakuzomea. Lakini vyuoni na vijijini walitumia milimita 16, mashine moja ya kubeba mkononi. Mkanda ule unakwenda futi 36 kwa dakika. Dakika 36 ni kama futi 1,300, zinaenea kwenye gurudumu moja. Umesema mkanda ulikatika, hukusema mtu alibadilisha gurudumu. Filamu ya saa moja na nusu ingembadilishisha, na mtoto angekumbuka giza lile la pili.

Ila huyo mwenzangu aliyeunga kwa selotepu ya dukani alifanya dhambi. Gundi yake inatambaa, baada ya miaka miwili mkanda mzima unanata. Kuna gundi yake maalumu, unakwangua kwanza, unabana, unasubiri. Nadhani makofi yale yalimtia haraka.

Filamu zetu za zamani si nyingi, ndiyo maana inaniuma vijana wasipozijua. Watu wanamjua Rashidi Kawawa kama Waziri Mkuu wa mwaka 1962, na hawajui kwamba miaka ya 1950 alikuwa nyota wa filamu za Kiswahili, *Muhogo Mchungu* ikiwamo. Baba yangu alimwita "yule wa Muhogo" hata alipokuwa waziri, na alilisema kwa heshima kabisa. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa 1968, ikatoa *Fimbo ya Mnyonge* ya mambo ya ujamaa. Ukimuuliza kijana leo, hata moja haijui.

Mwisho wa *Arusi ya Mariamu* ninaujua vizuri sana. Sikwambii. Mpelekee mama akauone mwenyewe.

---

Binti wa Bwaloni amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma jibu lako nikiwa kwenye daladala na nimepitiliza kituo.

Nilimpigia mama hapohapo, nikamwambia anaitwa Mariamu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Ehee. Na mimi miaka yote nilikuwa namwita Mwanaidi, sijui kwa nini."

Kuna jambo jingine. Niliwatafuta waliofundisha pale chuoni. Mkufunzi mmoja mstaafu, alikuwa anafundisha sanaa, anasema chuo kilipata pia kanda ya video ya filamu ileile miaka ya mwanzo ya tisini, na vyombo vilipokuwa vinatupwa aliichukua. Nimeifuata Jumamosi. Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vitabu vya mahudhurio. Ina karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino "ARUSI", basi. Tatizo ni kwamba kupitia kile kidirisha cha plastiki naona ukungu mweupe umeota juu ya utepe, kama unga wa sembe. Jirani yangu ana deki inayofanya kazi. Niiweke tu nione, au?

---

Mtunza Kanda, Nairobi amejibu:

USIIWEKE. Tafadhali sana dada yangu, usiiweke hata dakika moja.

Nimekuwa nikihamisha kanda za watu kwenda kwenye kompyuta kwa miaka kumi na moja sasa, harusi, mahubiri, michezo ya kuigiza, na kanda nyingi nilizozipoteza ziliharibiwa na mwenyewe siku moja kabla hajaniletea, kwa sababu "alitaka kuona tu". Ukungu ule unagandisha utepe, mzunguko mmoja unashikana na mwingine. Deki inavuta kwa nguvu, utepe unakatika au unakunjamana kama utumbo. Tena ukungu unaingia kwenye vichwa vya deki, na kila kanda nyingine utakayoweka humo inaambukizwa.

Fanya hivi. Ifunge kwenye bahasha ya karatasi, isiwe mfuko wa nailoni, na uiweke mahali pakavu imesimama wima kama kitabu, kwa wiki moja au mbili. Ukungu ukikauka unakuwa vumbi. Hapo tafuta fundi aliyezoea kanda, si fundi simu. Aifungue nje ya nyumba, amefunga barakoa, maana vumbi hilo si zuri kifuani. Kwa kawaida kuna skrubu tano chini ya kanda. Atoe magurudumu mawili, autembeze utepe kwa mkono polepole akiufuta kwa kitambaa laini kisicho na manyoya, kisha auhamishie kwenye ganda safi la kanda nyingine. Ndipo iingie kwenye deki, na deki iwe imeshaunganishwa na kompyuta na inarekodi TANGU MARA YA KWANZA. Pengine hakutakuwa na mara ya pili. Na asirekodi kwa kuielekezea TV kamera ya simu, nakuomba.

Kanda ikipona, kumbuka ile si nakala bora. Filamu ilipigwa kwa milimita 16, na kampuni ya Mulvihill, Gris-Gris Films, iko California. Waandikie. Kanda ya ukungu iwe ya mama, ya moyo wake, lakini chuo na watoto wa leo wanastahili picha safi.

Halafu nikuambie kitu ambacho watu wa Korogwe wenyewe hawakijui. Hapo juu yenu, Vugiri kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu. Mradi wa wakoloni, fedha za shirika la Carnegie la Marekani, aliyesimamia kazi pale ni Meja Notcutt. Walitengeneza filamu 35 hivi, za minyoo, za mifugo, za mashamba. Sauti hazikuwa kwenye mkanda, zilikuwa kwenye sahani za santuri, kwa hiyo mtu wa projekta alikuwa na kazi ya kulinganisha picha na sahani. Waliotokea kwenye picha ni watu wa huko. Pengine ni babu zenu. Zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole, ziko London kwenye hifadhi ya British Film Institute, mojawapo ni ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Nyingine zote zimekwenda, hata sura za watu wale hatutaziona.

Ndiyo maana mtu akiniletea kanda ya ukungu mimi sicheki naye. Tangu 2017 kuna mradi wa Film Foundation ya Scorsese, yule mwongozaji wa Marekani, pamoja na FEPACI (shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika) na UNESCO, wa kuzirudishia uhai filamu za Afrika. *Sambizanga* ya Sarah Maldoror, ya 1972, tumeiona tena ikiwa na rangi zake kwa njia hiyo. Lakini mradi kama huo haufiki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mwalimu mstaafu. Huko anafika mtu kama wewe.

---

Bi Mkubwa, Maskati amejibu:

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Unguja, niko Maskati mwaka wa thelathini huu. Nimeusoma uzi wote mara mbili na jana usiku sikulala vizuri. Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973, na sisi tulikuwa tunakaa mabarazani kwa mwenye TV kutazama michezo ya kuigiza. Marehemu kaka yangu alirekodi baadhi yake miaka ya themanini akanipa kanda mbili nilipokuwa naondoka. Sijazifungua tangu alipofariki. Mtunza Kanda, na huku joto hili, zitakuwa hai? Zimo kabatini, nimezizungushia kanga.

---

Mtunza Kanda, Nairobi amejibu:

Wa alaykum salaam Bi Mkubwa. Kabati la nyumba yenye kiyoyozi ni zuri kuliko unavyodhani, utepe unachukia unyevu kuliko unavyochukia joto kavu. Zisimamishe wima, zitoe kwenye kanga, na usizicheze kwanza. Niandikie faraghani nikupe maelekezo. Michezo ile mingi sidhani kama nakala zake ziko kwingine.

---

Binti wa Bwaloni amejibu:

Nimechelewa kurudi hapa, imepita wiki sita. Natoa ripoti.

Kanda ilikaa kwenye bahasha ya khaki wiki mbili juu ya kabati la vyombo. Fundi nimempata Tanga mjini, mzee anayetengeneza redio, karibu na barabara ya kumi na mbili. Nilimsomea maelekezo ya Mtunza Kanda neno kwa neno, akaniambia, "Huyo anajua, kaa hapo unishikie taa." Tukafanyia uani. Aliutembeza ule utepe kwa kidole kwenye tundu la gurudumu, anafuta, anapuliza, anafuta, saa mbili nzima, na kitambaa kilikuwa kinatoka cheupe. Sehemu ya mwanzo ilikuwa imeshikana kabisa, akaikata. Ganda jipya tulilitoa kwenye kanda ya harusi ya binamu yake, ambayo alisema ndoa yenyewe ilishavunjika.

Tulipata dakika 31. Kinachokosekana ni mwanzo, pamoja na lile jina ambalo sikuweza kulisoma nikiwa darasa la pili. Kwa hiyo mpaka leo sijaliona.

Jumapili nilikwenda Muheza na kompyuta. Mama alivaa. Nakwambieni alivaa, gauni la Idi na mtandio, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Nikaweka kompyuta juu ya stuli, tukakaa kitandani. Picha ilikuwa na michirizi, inaruka juu mara kwa mara, sauti kama ya mtu yuko ndani ya pipa. Mama hakulalamika hata mara moja. Alipotokea Mariamu alisema "huyo" na kunishika goti.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa naona jambo la ajabu. Kila kitu kilikuwa upande usio wake. Kichwani mwangu watu wale miaka yote wanaingia kutoka kushoto, sasa wanaingia kutoka kulia. Ilibidi nijizuie nisigeuze kompyuta. Nimeibeba filamu hii kinyume karibu miaka arobaini, na nilikuwa nimeshaizoea hivyo.

Ilipofika pale ambapo yeye aliondoka kwenda kuwasha moto, alipajua. Alisema, "Hapa ndipo nilipotoka." Akajiweka sawa kitandani, akaniambia nisiongee.

Sitaandika kama Mariamu alipona, kwa sababu Opareta alininyima na nimeelewa kwa nini. Mama alitazama mpaka picha ikawa chenga tupu, akatazama na chenga. Halafu akaniuliza kama yule mama aliyeigiza anajua kwamba yeye alikuwa bwaloni. Nikamwambia hapana mama, hawezi kujua. Akafikiri kidogo, akasema angependa ajue.

Gris-Gris nimewaandikia. Na barua ya mama kwa Profesa Lihamba ninayo hapa, ameniamrisha niiandike yeye akisema, ukurasa mmoja na nusu, imeanza kwa "Mwenzangu". Kama kuna mtu hapa anajua namna ya kuifikisha chuoni kwa heshima, aniandikie faraghani.

Opareta, mama anakusalimu. Anauliza kama wewe ndiye uliyekuja na projekta.

---

Opareta wa Tanga amejibu:

Mpe salamu zangu nyingi. Mwambie si mimi, mimi nisingeunga kwa selotepu. Ila nadhani ninamfahamu aliyekuja. Alikuwa na kawaida ya kushika mkanda pembeni kwa ncha za vidole, nilimfundisha mimi.